Gari letu la safari lilivyokuwa likizimika ovyo, na nilivyolikamata tatizo

Gari letu ni HiAce ya dizeli, ya zamani, isiyo na kompyuta. Nyuma tumeweka kitanda, jiko la gesi na friji ya betri. Tunakwenda nalo Diani, Watamu, hata Voi, na tunalala humo humo. Masika yaliyopita likaanza kunizimikia njiani. Linakata ghafla, kama kwamba mtu amezungusha ufunguo. Ukingoja dakika mbili, ukipiga starta, linawaka. Kisha wiki nzima linakwenda salama. Usiku nako friji ikawa inajizima, ilhali betri imejaa.

Fundi wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli. Wa pili akasema alteneta, tukanunua nyingine. Wa tatu akatuuzia betri. Kwao halikuzimika hata mara moja, kwa hiyo kila mmoja alikisia tu.

Siku iliyoniuma ni ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Tunashuka feri upande wa kisiwani, tairi za mbele zimegusa tu ile njia ya kupandia, likakata. Honi nyuma, waenda kwa miguu wanatupita huku na huku, mpaka vijana wakatusukuma hadi juu. Tulipotulia, mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, mbona taa za hapa mbele hazikuwaka?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Injini ikifa kwa kukosa dizeli huku ufunguo umefunguliwa, taa nyekundu za betri na oili lazima ziwake. Zetu zilikuwa giza. Basi dizeli haikuwa na kosa, umeme ndio uliokuwa ukikatika. Pampu ya injini kama hii ina solenoidi, yaani vali ya umeme inayofungua njia ya dizeli, nayo hutaka umeme muda wote. Ukikatika, inafunga, na injini inakufa.

Nikaanza daftari: saa, mvua au jua, barabara ikoje. Baada ya mara tano nikaona karibu zote ni kwenye matuta au mashimo. Kitu kilikuwa kinatikisika.

Nikachukua balbu mbili ndogo, kila moja na fyuzi yake, nikazibandika kwa tepu juu ya dashibodi. Ya kwanza niliiunga na waya unaoleta umeme kwenye swichi ya ufunguo, ya pili na waya wa solenoidi. Ikizima ya pili peke yake, ni swichi au waya ulio mbele yake. Zikizima zote, tatizo liko nyuma, kuelekea betri. Tukazunguka nalo siku nne, mke wangu akizitazama. Karibu na Mtwapa, kwenye tuta, zikazima zote mbili.

Nikafungua kichwa hasi cha betri kwanza, kisha nikaufuata ule waya kutoka upande wa chanya. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Nilipouvuta kidogo karibu na kichwa chake, ukaachia. Ndani ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Gari letu hulala karibu na bahari, na chumvi ya huku hupenya mahali ambapo jicho halifiki. Fundi wa waya alitaka kuweka waya wa kawaida, nikakataa. Kipande kile ni fyuzi ya waya, kazi yake kuungua kabla gari halijaungua, na humo wanalala watoto wangu. Tukatafuta kinacholingana, akakibana vizuri.

Friji ilikuwa na ugonjwa wake mwingine. Ikiwa inanguruma, mita ilionyesha volti 12.6 kwenye betri lakini 11.2 kwenye soketi yake. Nikapima kutoka hasi ya betri mpaka hasi ya friji: volti 1.2, mahali panapotakiwa kuwa karibu na sifuri. Athi yake, yaani waya wa hasi unaoungwa kwenye bodi ya gari, ilikuwa imefungwa kwa skrubu juu ya rangi, chini ya kitanda, kutu tupu. Nikapiga msasa hadi bati likang'aa, nikakaza kwa nati na bolti, nikapaka grisi juu. Ikashuka hadi 0.1, na tangu usiku huo friji haijajizima.

Likoni tumeshavuka mara nyingi bila kukwama. Balbu zile bado ziko pale pale, na mke wangu bado huzitazama tukishuka feri.