Magemu ya kumbukumbu na ukonda wangu

Kuna msela aliniambia nile karanga na nicheze magemu ya ubongo, kichwa kitakuwa kama kompyuta. Karanga nimekula sana tu. Mimi ni konda wa daladala, Gongo la Mboto Kariakoo, na kwa asiyeijua hii kazi, kudai nauli sio shida, shida ni kukumbuka nani keshatoa, nani bado na nani anakudai chenji, huku suka anapiga honi na watu wanazidi kupanda.

Basi nikashusha lile gemu la namba, zinatokea kwenye skrini mara zinafunikwa na viboksi, unagusa kwa mpangilio. Hilo wamefanyishwa hadi sokwe Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na mwaka 2007 wakatangaza kuwa sokwe mdogo anaitwa Ayumu kawapiga bao wanafunzi wa chuo, namba zikionekana chini ya robo sekunde. Nikasema sokwe hanishindi! Foleni ya Tazara nacheza, chooni nacheza, bando likikata nakopa, mpaka nikawa nakamata namba nane bila jasho, najiona profesa. Wiki hiyohiyo nikamdai mama mmoja nauli mara ya pili, tena kwa sauti ya kujiamini. Akanitazama taratibu. "Mwanangu, buku langu ni hilo hapo kidole cha kati, limechanika pembeni na lina wino wa bluu." Nikaangalia, lipo. Gari zima likaangua kicheko, na suka naye.

Ukicheza namba unakuwa fundi wa namba, basi. Marekani walishalishtukia hili, mwaka 2016 tume yao ya biashara, FTC, iliibana kampuni ya magemu ya ubongo ya Lumosity kwa kunadi magemu yake kupita ushahidi uliopo, wakakubali kulipa dola milioni 2.

Ila kitu kimoja nilikiokota, kwamba kichwa kinashika picha za vitu kama vitatu vinne tu kwa mkupuo. Nikahamishia gemu ndani ya gari. Tukiwa tunapakia natupa jicho siti nne, sekunde mbili tatu, nageukia mlangoni najitajia: kofia nyekundu dirishani, mtandio wa kijani, denti, mzee mwenye kiroba. Nageuka kuhakiki, naenda nne zingine. Hapo mwanzo denti walikuwa wananichanganya maana sare zao zinafanana, nikawa nashika mabegi.

Na msikariri waliolipa jamani, mtakufa! Mi nashika ambao bado tu. Gari limeshona lakini kichwani nina watu watatu. Chenji ya mtu naikunja kabisa pembeni, siiachii kichwa.

Wanaohama siti njiani ndo bado wananivuruga, hao sijawapatia dawa. Wale wa siti ya nyuma wanaojifanya wamelala hawahitaji kumbukumbu yoyote, nagonga tu sarafu kwenye bomba karibu na sikio.