Sampu ya pikapu ya mama

Leo jioni nimeibeba sampu, lile bakuli la chuma la oili linalofungwa chini ya injini, nikarudi nayo nyumbani badala ya kuiacha gereji. Nimeiosha kwa petroli, nikaikausha juani, nikaifunga kwenye khanga iliyochakaa na kuisukuma chini ya kitanda. Nimehangaika wiki saba kuipata. Sitaki ilale mahali ambapo mtu anaweza kuikanyaga gizani.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya mwaka 1994, four-wheel, dizeli, namba A, yaani usajili wa zamani. Imebeba ndizi za mama kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni tangu nikiwa darasa la nne, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Ndiyo maana sijawahi kuiita chuma chakavu, na anayeiita hivyo mbele yangu tunaelewana vibaya.

Injini yake ya asili, 3L, ilianza kula oili mwaka jana. Mwanzoni lita moja kwa mwezi, baadaye lita kwa wiki. Asubuhi ya baridi kule juu ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Fundi wetu hapa Moshi aliiwasha, akafungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma, na moshi ukatoka kwa mapigo, puu, puu, puu, kama mtu anayehema baada ya kupanda mlima. Ringi za pistoni zimekwisha. Aliposhusha hedi, kile kichwa cha injini, tukakuta na ufa kati ya valvu mbili za silinda ya tatu. Bloku, mwili wa injini wenye silinda, nayo ilikwishapigwa ribo zamani, yaani matundu yake yalichongwa na kupanuliwa, na nyama ya chuma iliyobaki haitoshi kuchongwa tena.

Halafu akanionyesha kitu kilichoniuma kuliko ufa. Kwenye nyumba ya thermostati hapakuwa na thermostati. Kuna fundi aliitoa miaka iliyopita, kwa maelezo yale yale tunayopewa wote: nchi yetu ina joto, haina kazi. Ina kazi sana. Ndiyo inayoyazuia maji mpaka injini ifike joto lake, kisha inayaachia kwa kipimo. Bila hiyo injini inashinda ikifanya kazi ya baridi, na injini ya dizeli inayofanya kazi ya baridi inajisaga yenyewe. Tulimlipa mtu atutolee kitu kilichokuwa kinatulinda.

Basi ikawa tunabadilisha injini. Kila niliyemweleza alikuwa na ushauri, na wengi walisema weka 1KZ, ina tabo, utapanda Kibosho kama ndege. Ni injini yenye nguvu kweli. Lakini ile inayotoka Japani kwa kawaida ni 1KZ-TE, pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta, kwa hiyo unanunua injini pamoja na waya zake zote na kontroli boksi, unatafuta giaboksi inayokubaliana nayo, na hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikichemsha. Mama alisikiliza yote akiwa anapanga mikungu, akasema, "Mwanangu, mimi siendi mashindano. Niletee inayoshuka na mzigo bila kunitia wasiwasi."

Tukaamua 5L. Ni ndugu wa tumbo moja na 3L: pistoni inasafiri milimita 96 kwenye zote mbili, ila tundu la silinda limepanuliwa kutoka milimita 96 hadi 99.5, ndiyo maana ujazo umepanda kutoka cc 2,779 hadi 2,986. Giaboksi ile ile inafunga. Mikono ya kuishikilia injini ya zamani inahamia kwenye mpya. Fundi alinieleza kwa namna ambayo sijaisahau: injini iliyokufa ndiyo inayoivalisha inayokuja. Usiuze hata boliti yake moja mpaka gari liwake.

Kuipata 5L yenyewe kulichukua siku moja tu, na hapa ndipo nilipokuwa nimejidanganya. Nilidhani injini ndiyo kazi yote.

Tulikwenda Arusha. Duka la kwanza injini zilikuwa zimepangwa sakafuni mpaka nje, na muuzaji akanipeleka moja kwa moja kwenye moja safi inayong'aa. Nikafuta grisi ubavuni mwa bloku kwa kitambaa, nikasoma 5L. Moyo ukaruka. Fundi akanivuta mkono, "Dada, namba usiiamini peke yake, tazama pampu." Nikatazama. Pale ambapo waya wa eksileta ungeshika mkono wa pampu palikuwa hakuna mkono wowote, bali soketi nene ya waya za umeme. Ilikuwa 5L-E, ya kompyuta, na bloku yake imegongwa 5L vile vile. Muuzaji hakuwa anadanganya, lakini mimi ningelipa na kurudi Moshi na injini isiyowaka kwenye gari langu. Inaweza kufungwa pampu ya kawaida, ila hapo unaanza safari nyingine ya kutafuta pampu na mtu wa kuipima.

Tuliyoichukua tuliikuta duka la tatu, imetoka kwenye Hiace, pampu yake ya kawaida, ya waya wa eksileta. Fundi aliizungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana ndefu, polepole, mizunguko miwili kamili, akisikiliza mkono wake unavyozuiliwa mara nne. Stiki ya oili ilitoka nyeusi na safi, haina rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Tukalipa.

Na kwa kuwa imetoka kwenye Hiace, tukarudi na tatizo la sampu. Daladala nyingi za huku ni Hiace, kwa hiyo injini zake na sampu zake zimejaa kila duka. Lakini Hiace haina ekseli nzima ya mbele yenye difu, lile tumbo la gia za ekseli, inayopita chini ya injini. Pikapu yetu inayo. Sampu yake imebonyea mbele ipishe difu, na tumbo la oili limesogezwa nyuma. Ukifunga ya Hiace utaona imekaa vizuri gari likiwa limesimama, kisha siku ya kwanza tairi la mbele likiingia shimoni, ekseli inapanda na kuipiga. Ya zamani yetu tusingeweza kuitumia. Ilikwishagonga jiwe na kuchomewa mara tatu, mdomo wake umepinda, na streina ya kunyonyea oili ilipinda nayo.

Mtu mmoja alijitolea kuikata ile ya Hiace na kuichomea upya. Bei nafuu, siku mbili tu. Nilikataa, na nilikataa nikiwa nimeshachoka, mama akikodi lori la Canter kila wiki. Sampu ni kitu cha kushika oili ya injini nzima. Kiungo kimoja cha kulehemu kikiachia katikati ya mteremko, mama akiwa na tani ya ndizi nyuma, hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa nafuu.

Nilipiga simu, niliuliza Himo, niliuliza Boma Ng'ombe, nilituma picha. Mwisho nimeipata juzi kwenye gereji moja Unga Limited, Arusha, chini ya rundo la mabomba ya ekzosi, pamoja na streina yake. Niliuliza kuhusu streina kabla ya kuuliza bei, kwa sababu sampu na streina ni jozi: kina cha moja kinategemea urefu wa nyingine. Nikapanda Coaster nikiwa nimeipakata mapajani mpaka Moshi.

Leo tumeijaribisha. Injini imening'inizwa kwa mnyororo, tumeishusha mpaka mikono ikakaa kwenye raba zake, na nimelala chini ya gari mwenyewe. Nimepitisha vidole kati ya sampu na difu. Fundi amepandisha ekseli kwa jeki mpaka ikagusa raba za kuzuia, tukijifanya gari limeingia shimoni, na vidole vyangu bado vilipita, viwili vimelala. Nimekaa pale chini muda kidogo bila sababu.

Tumeifungua tena, kwa hiyo ndiyo maana nimerudi nayo. Mengine yanakwenda. Flaiwili, gurudumu zito linaloshikwa na klachi, imesuguliwa. Sahani ya klachi tumeihesabu meno 21, sawa na shafti ya giaboksi. Thermostati mpya ninayo kwenye droo. Hita plagi, za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha, nilizopewa kwanza zilikuwa za volti 6, zingeungua mara moja kwenye mfumo wetu, nimebadilisha. Kadi ya gari itabidi ipelekwe TRA, mamlaka ya mapato, maana ina namba ya injini ya zamani. Kinachosubiriwa ni mkanda wa taimingi, unaofanya krenki na valvu ziende pamoja, beringi yake ya kukazia na sili za krenki, vinakuja na basi kutoka Dar. Fundi amekataa kufunga mkanda uliokuja na injini, hata kama unaonekana mzima. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Kuubadilisha sasa, injini ikiwa nje, ni kazi ya asubuhi moja.

Mama amepiga simu saa mbili usiku. Mwenye Canter anataka kujua kama amwekee nafasi tena. Nimemwambia amwekee, wiki hii na ijayo.