Kidonda cha dada na dawa zilizogoma

Dada angu alijifungua kwa opresheni mwaka jana hapa Dodoma, siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha na harufu, joto limepanda, sie huku Nkuhungu tukamkimbilia duka la dawa tukanunua amoksi, ile dawa ya kuua bakteria, kama kawaida yetu watu wa mtaani, siku nne hamna kitu, usaha ndo kwanza unaongezeka.

Tukamrudisha hospitali. Daktari akachukua usaha kwa pamba, akapeleka maabara wakaoteshe wadudu waone dawa gani inawaua, majibu yakachukua siku tatu na hizo siku tatu mama yetu hakulala kabisa. Kumbe ni Staphylococcus aureus, bakteria ambaye watu wengi tu tunaishi naye puani bila shida, ila akiingia kwenye mshono ni balaa. Huyu wa dada alikuwa sugu kwa amoksi, anatengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijamgusa.

Nilichoelewa siku ile ni kwamba dawa inaua wale dhaifu, wachache sugu wanabaki wanazaana, na wanaweza hata kupeana jeni za usugu, yaani zile chembe za urithi. Fleming, mwanasayansi aliyegundua penisilini, dawa ya jamii moja na amoksi, 1928 alishaonya kwenye hotuba yake ya Nobel 1945 kuhusu dozi pungufu! Na sisi bado tunanunua vidonge vinne vinne, inaniuma sana.

Dada walimfungua mshono, wakamsafisha kila siku, wakambadilishia dawa. Mtoto sahivi anatambaa.