Hedifoni za umeme tuli na unyevu wa Dar: kausha, pima, ndipo ufungue

Hedifoni ya umeme tuli ikififia upande mmoja ukiwa Dar es Salaam, bisibisi isubiri. Mshuku kwanza unyevu.

Ndani ya kila upande kuna utando wa plastiki mwembamba mno. Kwenye hedifoni za Stax, kampuni ya Japani, zinazotumia chaji ya volti 580, hauzidi maikroni 2. Umewambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu, na pengo kutoka utando hadi bamba ni kama nusu milimita tu. Utando unachajiwa kwa volti kubwa isiyobadilika, ambayo mafundi huiita bayasi. Muziki unakwenda kwenye mabamba: volti ya bamba moja ikipanda, ya lile jingine inashuka, na utando wenye chaji unavutwa huku na kusukumwa kule. Chaji hiyo ikivuja, sauti inashuka hata kama amplifaya ni nzima kabisa. Kinachoivujisha ni vumbi lililonyonya maji, chumvi ya bahari iliyotua kwenye plastiki, na mvuke wa hewa unaotua juu yake. Anayeishi Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni anavyo vyote vitatu dirishani.

Masika hewa ya nje inaweza kuwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 au zaidi. Hewa ya namna hiyo inaanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 25 kushuka chini. Sasa chukua hedifoni iliyokaa saa tatu kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 21, kisha uzime kiyoyozi na kufungua madirisha. Plastiki, mabamba na utando vyote bado ni baridi, na maji yanajipaka juu yake bila wewe kuyaona. Ukiwasha muda huo huo utasikia kutatarika, mlio mwembamba wa filimbi, au upande mmoja kuzama. Dawa yake ni rahisi: iweke hedifoni kwenye chombo chake kiyoyozi kikiwa bado kinafanya kazi, funga mfuniko, na uuache umefungwa saa nzima baada ya kukizima, mpaka hedifoni ipate joto la chumba.

Chombo chenyewe ni kontena la plastiki la lita 8 hadi 10, lenye mfuniko wa kubana na mpira pembeni. Ndani weka gramu 250 za silika jeli kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha vumbi, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya rangi ya chungwa ni bora kuliko ya buluu, maana ile ya buluu ina kobalti ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi, ioke kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha irudi kazini. Mchele usiutumie. Unga wake ni vumbi, nao unavuta maji.

Kama hedifoni imeshalowa unyevu, iache humo siku mbili au tatu. Usiipulizie kikausha nywele: joto linaulegeza utando, na uliolegea haurudi. Ikitoka, ichomeke, sauti ikiwa sifuri, na uiache na bayasi saa kadhaa. Utando umepakwa kitu chenye ukinzani mkubwa sana kwa makusudi, hivyo chaji inasambaa taratibu. Usitoe hukumu katika dakika za mwanzo.

Kuna mlio mmoja usiokuwa na ubaya. Ukibana pedi kichwani unasikia "prrp" fupi, hasa kwenye Stax zinazoziba vizuri. Hewa iliyofungwa imeusukuma utando hadi karibu na bamba, kisha unarudi mahali pake.

Ikiwa baada ya kukausha upande mmoja bado ni hafifu, fuata mantiki hii. Badilishana nyaya za kushoto na kulia nyuma ya amplifaya. Udhaifu ukihamia sikio la pili, kosa liko kwenye chanzo au waya wake. Ukibaki sikio lile lile, ni amplifaya au hedifoni. Kwenye soketi ya Pro (aina ya Stax ya volti 580) yenye pini 5, pini moja tu ya bayasi inalisha pande zote mbili, kwa hiyo bayasi ikikosekana pande zote zinafifia. Upande mmoja ukififia peke yake, usipoteze muda kwenye sakiti ya bayasi. Kagua waya wa bayasi unaokwenda upande huo, kiungo chake ndani ya kikombe cha sikio, utando wenyewe, au chaneli ya amplifaya. Ili kutenga amplifaya, cheza toni ya hezi 100 na upime volti za AC kati ya pini chanya na hasi za kila chaneli. Zikilingana, tatizo liko kwenye hedifoni. Nimechagua hezi 100 kwa sababu mita nyingi za bei ndogo zinadanganya masafa yakipanda.

Kupima bayasi kuna mtego unaowafanya watu wabomoe amplifaya nzima. Bayasi inatoka kupitia rezista kubwa, mara nyingi megaomu 4.7 au zaidi kidogo. Mita ya kawaida ina megaomu 10 ndani yake. Hivi viwili vinagawana volti, hivyo 580 halisi inasomeka karibu 395. Ukiona namba hiyo, bayasi ni salama. Rezista hiyo ndiyo inayofanya bayasi isiwe hatari kwa mtu: hata ukiigusa, mkondo ni kama sehemu ya nane ya milliampia. Pini za mabamba ni habari nyingine. Hizo zinaweza kuua.

Kuhusu aina za bayasi: Stax za zamani, ukoo wa SR-1 ya mwaka 1960, hutumia volti 230 na plagi ya pini 6. Za Pro, zilizoanza miaka ya 1980, hutumia 580 na pini 5. Hedifoni ya Koss ESP/950 hutumia 600 na plagi yake yenyewe, na kwa adapta nzuri inafanya kazi vyema kwenye amplifaya ya 580. Plagi ya Pro inaingia kwenye soketi ya pini 6 na kupiga kwa sauti ndogo bila madhara. Ya pini 6 haiingii kwenye soketi ya Pro. Usiikate pini ili iingie: pengo la ndani ya hedifoni hiyo ni dogo na halikutengenezewa 580.

Sasa umeme. Amplifaya nyingi za mitumba zinatoka Japani na ni za volti 100. Kuna za zamani ambazo transfoma yake ina nyaya za kuhamisha kwenda 230 au 240. Fungua na usome maandishi ya kwenye bodi kabla ya kuamini maneno ya muuzaji. Isiyo na nyaya hizo inahitaji transfoma ya kushusha, na hapa ndipo watu wanapokosea wakifika Kariakoo. Inayopatikana kirahisi inashusha kwenda 110. Asilimia 10 za ziada zinapita hadi ndani: kama volti za DC zilikuwa 350, zinakuwa 385, na kapasita zake, yaani vipande vya kuhifadhi chaji, mara nyingi ni za 400. Laini ya mtaani ikifika 245, umevuka. Agiza transfoma ya 230 kwenda 100 halisi, yenye VA 150, kwa amplifaya inayokula wati 50. Weka na kifaa kinachochelewesha umeme dakika tatu unaporudi, kama cha friji. Ukitumia inveta, iwe ya wimbi safi la saini. Zile za wimbi la ngazi zinafanya transfoma ingurume. Amplifaya ndogo ya Stax, SRM-252S, hutumia adapta ya volti 12 za DC, hivyo suala la 100 au 230 linaishia kwenye adapta.

Pedi na nyaya nitazipitia kwa haraka. Kwenye hedifoni za Stax za ukoo wa Lambda pedi zimegundishwa kwa tepu ya pande mbili. Zinyanyue kutoka kona kwa kadi laini ya plastiki. Chunguza sponji ya ndani: ikizeeka inageuka unga unaonata na kudondokea kwenye kizuia vumbi. Itoe yote kwa kibano, hedifoni ikitazama chini. Kizuia vumbi ni plastiki nyembamba. Usikiguse wala kukipuliza kwa hewa ya mgandamizo. Pini zenye ukungu wa chumvi zisafishe kwa isopropanoli ya asilimia 99, si spiriti ya duka la dawa, ambayo ina maji. Subiri siku nzima kabla ya kuchomeka. Waya wa hedifoni usibadilishe kwa waya wowote uliouona: uwezo wake wa kushika chaji unaongezeka juu ya mzigo wa amplifaya, na ganda lake lazima listahimili zaidi ya volti 1,000.

Kufungua amplifaya ni kwa anayejua anachokigusa. Kapasita ya maikrofaradi 100 yenye volti 350 imebeba juli 6, na inabaki nazo baada ya kuchomoa plagi. Tengeneza kitoa chaji kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 10, yenye klipu mbili zilizofunikwa. Iweke kwa sekunde kumi, kisha thibitisha kwa mita. Mita iwe ya volti 1,000 za DC, kwa sababu kati ya njia za umeme za plus 350 na minus 350 ndani ya amplifaya kuna 700. Mkono mmoja ukae mbali na chuma chote.

Marekebisho ya kwanza, na mara nyingi ya pekee yanayohitajika, ni kulinganisha mabamba. Washa, sauti sifuri, hedifoni haijachomekwa, subiri saa nzima. Pima DC kati ya chanya na hasi ya chaneli moja, zungusha trimpoti (rezista ndogo ya kuzungusha) ya mizani kwa bisibisi ya plastiki mpaka ikaribie sifuri. Kisha pima chanya dhidi ya gandi (sifuri ya umeme ya amplifaya), zungusha trimpoti ya pili. Kila moja inaivuruga nyingine, basi rudia mzunguko mara kadhaa. Kuyumba ndani ya volti 10 ni kawaida. Ikiwa bamba moja limekaa volti 80 juu ya jingine, utando unaishi umevutwa upande mmoja, na siku ya unyevu utaligusa bamba.

Kapasita za elektroliti zibadilishe kwa za nyuzi 105. Joto likipanda nyuzi 10, maisha yake yanapungua nusu, na chumba cha Dar kimeshaanza kwenye 32. Juu ya amplifaya acha nafasi ya sentimita 15.

Uboreshaji ninaoupenda kuliko wote ni kwenye amplifaya za valvu (mirija ya kioo ya kukuza sauti) kama SRM-T1 ya Stax, yenye valvu aina ya 6CG7. Valvu zake za mwisho zinalishwa kupitia rezista. Mzigo wa hedifoni, takriban pikofaradi 110, kwenye hezi 10,000 ni sawa na kiloomu 145. Rezista ya kiloomu 60 na kitu inakula sehemu kubwa ya mkondo wa muziki kabla haujafika kwenye hedifoni yenyewe. Badala yake weka chanzo cha mkondo thabiti, yaani sakiti inayopitisha mkondo usiobadilika, kwa kipande cha kielektroniki cha 10M90S cha volti 900, moja kwa kila rezista. Kwanza pima volti juu ya rezista ya zamani na ugawe kwa omu zake: 330 kwa kiloomu 66 ni milliampia 5. Panga mkondo huo huo. Kila kipande kitatoa karibu wati 1.7, hivyo kinahitaji kipozea joto, na mgongo wake una volti kubwa, lazima utengwe kwa maika, karatasi ya madini isiyopitisha umeme. Nunua kwa msambazaji anayejulikana, bandia ni nyingi.

Ukiwa ndani, hakikisha kila pini ya bamba ina rezista ya kiloomu 5.1 mbele yake. Kwa pikofaradi 110 inaanza kupunguza sauti kwenye masafa ya juu mno, mbali na sikio, na cheche ikiruka ndani ya hedifoni inausaidia utando kupona. Haimlindi mtu. Ukimaliza, iwashe saa nzima bila hedifoni, rudia kulinganisha mabamba kwa chaneli zote mbili, izime, ipoe, iwashe tena na upime. Namba zikirudi pale pale, ndipo uchomeke.