Mwanangu anataka kupigana ngumi

Jumapili, usiku

Mwanangu ana miaka 12 na likizo hii yote wimbo wake ni mmoja: anataka kujiunga na vijana wanaofanya mazoezi ya ngumi mtaa wa pili, huku kwetu Temeke. Baba yake ameshasema aende akakomae. Bibi yake, mtu wa Tanga, haoni hata kama kuna la kujadili. Tangu ile Septemba ya 2018, Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham kama bondia wa kuziba pengo, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wake, mama mkwe anaamini Tanga ina damu ya ngumi na mjukuu wake anayo. Nimebaki mimi. Wiki nzima nimelizungusha jambo hili kichwani, na leo nataka kuliandika lote nijue nimesimama wapi.

Mema ya mchezo huu nimeyaona kwa macho yangu. Jumatano nilikwenda kuwatazama bila kumwambia mtoto. Ulingo hawana. Wana sakafu ya saruji, tairi la lori, kamba za kuruka, na begi la turubai lililojazwa matambara likining'inia kwenye mwarobaini. Kocha wao mchana ni fundi wa kuchomelea mageti. Kijana mmoja alichelewa, akaambiwa akae pembeni mpaka mazoezi yaishe, naye akakaa. Mwingine, ambaye mtaani wote tunamjua kwa ukorofi, alikuwa amesimama kwenye foleni akisubiri zamu yake ya glovu, kimya, mikono nyuma. Nimeishi naye mtaa mmoja tangu anatambaa na sijawahi kumwona akisubiri kitu.

Glovu zenyewe ni jozi chache zinazozunguka kwa wote, na hapo ndipo penye ukweli ambao wazazi wa huku hatuusemi sana. Bwawa la kuogelea hatuna, uwanja wa tenisi hatuna, na viwanja vya mpira vinajengwa fremu za maduka kila kukicha. Ngumi inahitaji nafasi ya mkeka na mtu mmoja mwenye moyo. Ndiyo maana mabondia wengi wametoka maeneo kama haya yetu. Titus Simba alituletea medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Akina Matumla, Rashid, Mbwana na Hassan, walikuwa ndugu, na Mohamed mtoto wa Rashid naye akaja kupanda ulingoni. Nimemfikiria sana Rashid katika hilo. Alijua konde linavyouma kuliko sisi sote, na bado mwanawe akavaa glovu.

Kinachonizuia kukubali haraka ni Robert Wangila. Ushindi wake wa Seoul mwaka 1988 ulisikika Afrika nzima: Mkenya, dhahabu ya Olimpiki, na si kwa mbio bali kwa ngumi. Julai 1994 alipigana Las Vegas, mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya tisa. Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea. Akaenda chumba cha kubadilishia nguo kwa miguu yake, akaanguka huko, na baada ya muda mfupi akafariki akiwa na miaka 26. Bingwa wa Olimpiki, mtu mzima, hakujua kichwani mwake kulikuwa kumeshaharibika. Je, mtoto wa miaka 12 atajua? Atakuja kuniambia, "Mama, leo nimepigwa vibaya," au atanyamaza asije akakatazwa kurudi? Namjua mwanangu. Atanyamaza.

Hata hivyo kifo cha ulingoni si hofu yangu kubwa kuliko zote, kwa kuwa hutokea mara chache. Kinachoninyima usingizi ni makonde madogo yasiyo na mwamuzi wala kengele, yale ya mazoezini, wawili wawili, jioni baada ya jioni. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kuburuta maneno kama walevi ilhali hawajanywa. Leo inajulikana kwamba si lazima mtu azimie ndipo ubongo uumie. Ukitikiswa mara nyingi kidogo kidogo, madhara yanaweza kujikusanya na kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati mtu ameshatundika glovu na ana watoto wake. Mtoto naye shingo yake bado ni laini na kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na ubongo utaendelea kukua mpaka apite miaka 20. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kwa watoto na vijana wadogo, kwa hoja kwamba katika mchezo huu kumpiga mwenzako kichwani ndilo lengo lenyewe.

Hoja hiyo imenikaa. Shemeji yangu ameniambia kwenye mpira watoto wanavunjika miguu na kugongana vichwa, mbona siogopi? Naogopa. Lakini kwenye mpira vichwa vikigongana mwamuzi anapuliza filimbi, mchezo unasimama. Kwenye ngumi kichwa kikipigwa vizuri ni pointi, na ukumbi unanyanyuka. Akaniambia pia kuna kofia za kujikinga. Kofia zile huzuia kuchanika na michubuko, ila mtikisiko wa ndani haziwezi kuuondoa, kwa sababu ubongo unasogea ndani ya fuvu hata fuvu likivikwa nini.

Zanzibar waliona bora kuufunga mlango kabisa. Ngumi ilipigwa marufuku kule tangu 1964, na katazo likaja kuondolewa mwaka 2022. Karibu miaka 60! Na hamu haikufa, maana waliotaka kupigana walivuka wakaja Bara. Ndiyo maana sitaki kusema hapana tupu. Mtoto wangu naye anaweza kuvuka. Ataenda sehemu nyingine nisiyoijua, kwa kocha nisiyemjua, na huko nitakuwa sina sauti.

Kwa hiyo Jumatano, mazoezi yalipokwisha, nilimwuliza kocha jambo moja: mtoto akipigwa akaona kizunguzungu, unafanyaje? Nilitegemea aniambie anamwagiwa maji anaendelea. Akasema anamvua glovu, anamrudisha nyumbani mwenyewe, na hamruhusu kupigana mpaka mzazi aje. Kisha akaongeza, "Mama, wazazi hawaji. Wewe ni wa kwanza mwezi huu." Nimerudi na maneno hayo nyumbani na sijaweza kuyaweka chini. Tunabishana sebuleni kama ngumi ni nzuri au mbaya, na yule mtu anabaki peke yake na watoto ishirini wa watu.

Uamuzi wangu ni huu. Ataruka kamba, atakimbia, atapiga begi na padi, atajifunza miguu na kukwepa. Kupigana na mwenzake kwa makonde ya kichwani, hapana, mpaka atimize miaka 18 aamue mwenyewe juu ya kichwa chake. Nilipomwambia baba yake alicheka kwanza, halafu akakasirika. "Unamfundisha mtu kuogelea nchi kavu," alisema. Anaamini mtoto anayeanza kupigana akiwa na miaka 18 ameshachelewa, wenzake watakuwa wameshapigana mapambano mengi ya ridhaa. Huenda ni kweli. Sikubishana naye, kwa sababu hilo nililihesabu kabla. Nimekubali kwamba kwa sharti langu hili mwanangu huenda asiwe bingwa wa chochote. Bibi yake ataumia. Mimi nataka akifika miaka 50 aniite jina langu bila kulitafuta.

Kesho jioni tunakwenda kwa kocha sote watatu. Nitasema sharti mbele ya mtoto ili asije kusingizia kwamba hakusikia, na nimemwomba mume wangu asinipinge pale, kama ana neno aliseme njiani kurudi. Nitampa kocha namba zetu zote mbili. Akikubali, mtoto anaanza Jumanne. Akisema hawezi kumfundisha kwa masharti, tutamshukuru na tutatafuta kitu kingine, hata kama nyumba nzima itaninunia mpaka shule zifunguliwe.