Jumanne walipokuja watu 23

Kwa miezi mitatu tulikuwa 6 tu, tukicharaza ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, jikoni kwa mwenzetu mmoja huko kaskazini mwa Uingereza. Kisha tukapata chumba cha maktaba kila Jumanne jioni, tukabandika tangazo mlangoni: njoo hata kama hujawahi kushika ala yoyote. Jumanne ya kwanza ya Novemba wakaja watu 23.

Nyimbo tulikuwa tumeziandaa. Kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, hatukukufikiria kabisa, na hapo ndipo jioni ilipoharibikia. Ukulele ikitoka kwenye baridi na kuingia chumba chenye joto, nyuzi hubadilika sauti. Nyuzi mpya za nailoni ndiyo zaidi, maana huendelea kuvutika kwa siku kadhaa. Wengi walitumia programu ya simu. Ile husikiliza kwa maikrofoni, kwa hiyo ilikuwa ikipima uzi wa jirani. Penye kelele kinachofaa ni tyuna, kifaa cha kupima sauti, ya kubana kwenye kichwa cha ala, kwa kuwa inapokea mtetemo wa mbao, nasi tulikuwa nayo moja. Hata hiyo huonyesha herufi ya sauti tu, si kama ni ya juu au ya chini. Kijana mmoja aliyezoea gitaa aliusikia uzi wa G, ule wa juu kabisa unapoipakata ala, una sauti nyembamba kuliko C unaoufuata. Akadhani umekosewa, akaulegeza mpaka G ya chini. Taa ikawaka kijani, uzi ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. G ya chini inataka uzi wake, mnene zaidi.

Tulipoanza kupiga, kila tulipofika kodi ya C, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kulikuwa na kitu kinachokwaruza sikio. Tulisimama mara tatu. Mwishowe tukapita kiti kwa kiti, kila mtu apige C peke yake, mpaka tukamfikia mama mmoja mwenye ala kubwa kuliko zetu: baritoni, iliyotyuniwa D, G, B, E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Kidole chake cha pete kilikuwa freti ya 3 (kigawanyo cha tatu shingoni mwa ala) ya uzi wa chini, pale pale karatasi ya nyimbo ilipomwelekeza. Ila kwenye baritoni mkao huo hutoa G. Yule mama alikuwa anafuata maelekezo kuliko sisi sote, naye alishaanza kufungua zipu ya mfuko wake ili aondoke.

Ikaletwa chai, nasi tukapanga upya. Viti vikawa nusu duara, safu mbili, kila mgeni katikati ya wazoefu wawili, kwa kuwa anayejifunza hutazama mkono wa kushoto wa jirani kabla ya kutazama karatasi. Karatasi zenyewe tulizikusanya: nusu zilichapwa kwa ufunguo wa C, yaani kimo cha sauti cha wimbo, nusu kwa G, kosa letu wenyewe. Tukabaki na wimbo mmoja wenye kodi mbili, C na G7. Mama wa baritoni tukamwandikia kwa kalamu: penye C shika umbo la F, penye G7 shika umbo la C7, kidole kimoja tu. Walioshindwa na vidole vitatu vya G7 wakaambiwa wapige C peke yake, na G7 ikifika walaze kiganja juu ya nyuzi. Mwenzetu mmoja akagonga kasha la mbao, maana safu ya nyuma hukimbia mwendo isipopata pigo la kuishika. Moja, mbili, tatu, nne, kwa kasi ile ile ya wimbo.

Tuliurudia mara nne. Mara ya tatu C ilitoka safi, na mama yule akainua uso kutoka kwenye karatasi.

Jumanne iliyofuata tulikuwa na tyuna 4, na mtu wa kusimama mlangoni dakika 20 kabla ya kuanza. Hakuna aliyeketi bila ala yake kupita mikononi mwake. Walirudi 17. Kwenye karatasi zote, chini ya mistari ya ukulele, kulikuwa na safu ya pili ya kodi kwa ajili ya baritoni.