Tunaoana kisiwani Ndere, na wazee wanajua

Habari zimeshafika Mbale ya Vihiga, zikavuka hadi Luanda na Eldoret, kwamba mimi na mchumba wangu tunatoroka kwenda kuoana kisiwani Ndere, ndani ya Ziwa Victoria. Kwa kuwa kila anayezipokea anaziongeza chumvi, acha niseme mwenyewe. Hatumtoroki mtu. Mahari yamejadiliwa, ng'ombe wamefika bomani kwa baba, wazee wa kwao Seme wamekaribishwa kwetu Maragoli wakala kuku wakashiba, na pande zote mbili zimepeana mikono. Kilichobaki ni siku yenyewe. Hiyo ndiyo tuliyoomba tuachiwe wawili.

Kuachiwa hakukuwa rahisi. Mimi ni mwalimu, na nimeketi kwenye kamati za harusi za wenzangu hadi nikaujua mwendo wake: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, kila jioni orodha ya ahadi inatumwa upya na majina ya waliotoa, na aliyenyamaza anaanza kutajwa. Nimechanga kwa moyo na nitachanga tena. Ila nimeona pia bibi harusi akisimamishwa juani apigwe picha na watu asiowafahamu, chakula kikiisha kabla hajaonja, na bwana harusi yuko upande wa pili wa hema anajibu simu ya mwenye kukodisha viti. Siku yangu nataka nimsikie mwenzangu akiniambia aliyoyaandika, na mimi nimwambie yangu, bila maikrofoni kupokezanwa. Maneno hayo tunayaandika kwa Kiswahili. Yeye ni Mjaluo, mimi ni Mragoli, na Kiswahili ndicho tulichopendania.

Wazo la kwanza lilikuwa bahari. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na kila aliyefika huko anarudi akisimulia matumbawe na kasa. Lakini sisi likizo yetu ni Aprili. Aprili Pwani ni masika, kusi inaanza kushika, bahari inachafuka na maji yanapoteza ule ung'avu wake. Mwenye kutaka Watamu tulivu huenda wakati wa kaskazi, kabla ya mwisho wa Machi. Tena kutoka Kisumu ni basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, halafu gari tena kupitia Kilifi. Pesa zingeishia barabarani.

Dada yangu anayeishi Lanet akatuvutia Nakuru. Mbuga ya Ziwa Nakuru naipenda sana. Ukiwa juu pale Baboon Cliff ziwa lote liko chini yako, na ile migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji tangu ziwa lilipoanza kufura miaka ya 2010 na kulimeza hata lango kuu la zamani. Ila ni mbuga ya faru na simba, kilomita za mraba 188 zilizozungushiwa ua, na ndani yake unakaa garini isipokuwa pale palipotengwa pa kushukia. Mimi nilitaka kwenda kwenye ndoa yangu kwa miguu.

Basi ikawa Ndere. Mchumba wangu amekulia akikitazama kisiwa hicho kutoka kwao Seme, kilima kimoja kilichoinuka katika Ghuba ya Winam, na alikuwa hajawahi kukikanyaga. Ni kidogo, kilomita za mraba 4.2 tu, na kimekuwa mbuga ya taifa tangu 1986. Hakuna simba wala ndovu. Kuna swala pala, nyani, kenge wakubwa wanaoota jua maweni, mamba na viboko ukingoni, na furukombe ambao unawasikia kabla hujawaona. Hakuna hoteli ya kukuwekea zulia jekundu. Unashuka botini, unalakiwa na askari wa Shirika la Wanyamapori, unatembea.

Tulienda kupaona wakati nyasi zilikuwa bado zimekauka. Nilikuwa nimeshachagua mahali akilini: chini kabisa, karibu na maji, mafunjo nyuma yetu. Askari aliyetuongoza alisimama hapo hapo akaonyesha ardhini kwa fimbo. Palikuwa na njia imeingia kwenye nyasi, mitaro miwili inayokwenda sambamba, na katikati ukanda wa nyasi usiokanyagwa. Ni njia ya kiboko. Mwili wake ni mpana na miguu ya kushoto iko mbali na ya kulia, kwa hiyo akipita kila usiku anachimba reli mbili. "Dada, hapa msisimame," akasema. "Huyu hutoka usiku kula nyasi, asubuhi anarudi majini. Akikukuta kati yake na ziwa, hana subira." Udongo kwenye mtaro mmoja ulikuwa bado mbichi.

Tukapanda naye hadi kwenye mteremko, penye mti wenye kivuli cha kutosha watu wachache. Kutoka hapo unaona ng'ambo ya Seme, mabati ya watu yanang'aa, na mchumba wangu akaanza kutafuta mti wa kwao mmoja mmoja. Nikajua ni hapo.

Saa ndiyo iliyotuchukua muda kuliko mahali. Watu wananiuliza kwa nini tuoane Aprili, mvua ikiwa imekolea. Nawajibu kwamba ndiyo sababu. Mwaka wangu mimi huanza na masika. Mahindi ya Maragoli yanakuwa yamefika magotini, maharagwe yanapaliliwa, kile kilima cha Ndere kilichokuwa kikavu kinafunikwa nyasi mpya, na mnana wanasuka viota mafunjoni. Sitaki kuanza nyumba katika vumbi la Februari.

Lakini ukitaka mvua ikuheshimu, lazima ulijue ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda juu, na upepo unavuma kutoka ziwani kuziba nafasi. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ule upepo wa mchana ukiwa umebeba unyevu unasukumwa hadi kwenye vilima vya Nandi na Kericho, na ndiyo maana sisi wa Kisumu tunazoea radi za alasiri na jioni. Asubuhi kwa kawaida maji yametulia. Nahodha tuliyeafikiana naye ni mzee wa ufukweni aliyevua maisha yake yote, na sharti lake lilikuwa moja: "Mwalimu, kabla ya saa sita nataka boti yangu iwe imefungwa." Kwa hiyo tunaondoka saa moja asubuhi, kiapo kabla ya saa tatu, na saa nne na nusu tuko majini tukirudi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi, upepo na mawimbi, na mchumba wangu ameanza kuusoma kila siku kama mtu aliyenunua nyavu.

Kitu kingine ambacho mtu wa mbali hakifikirii ni wadudu wa ziwa, wale wadogo wasiouma wanaoinuka juu ya maji kwa mamilioni. Wakiwajia mkiwa botini mnafunga mdomo na macho mpaka wapite. Nimeweka leso ya kujifunika kwenye mkoba.

Mpiga picha alikuwa na wazo lake: nivue viatu, nisimame majini hadi magotini, gauni likielea. Nilikataa moja kwa moja. Ziwa Victoria lina kichocho, vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ukingoni na hupenya ngozi bila kuuma. Darasani nawafundisha watoto hayo, siwezi kuyasahau kwa ajili ya picha. Tutapigwa picha mteremkoni. Droni pia haturushi. Inataka vibali, na ndege walio viotani hawahitaji kelele yetu.

Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo hakuna maji ya chupa za dukani, vikombe vya kutupa wala mirija. Chai itakuwa ndani ya chupa mbili za chai za mama, vikombe ni vya bati, keki ndogo iko kwenye kopo la biskuti. Puto hakuna, vipande vya karatasi vya kurusha hakuna, na mchele hatumwagi kisiwani. Maua nitakayoshika yatarudi nami. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona fukwe zetu baada ya sherehe, na kisiwa kidogo namna ile hakina pa kuficha uchafu.

Karatasi sasa, kwa wanaopanga jambo kama hili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mtoe ilani kwa msajili siku zisizopungua 21 na zisizozidi miezi 3 kabla ya kufunga ndoa ya kiserikali, na mwenye pingamizi ana haki ya kulileta katika muda huo. Maombi yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Andaeni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti na hati za kiapo kwamba hamjaoa wala kuolewa kwingine. Lazima wawepo mashahidi wawili. Ipo leseni maalumu ya kufungia ndoa nje ya ofisi, lakini sisi tumeona tusimbebe msajili ziwani. Alhamisi tunatia sahihi ofisini, Jumamosi tunaapa kisiwani. Kiingilio cha mbuga nacho kinalipwa kwa simu, usiende na pesa taslimu ukitegemea kulipia langoni.

Gauni linashonwa sokoni Kibuye, Kisumu. Nimemwambia fundi liishie chini kidogo ya goti, kwa sababu kupanda boti ni kuinua mguu juu ya ubao ulioloa, na gauni la kuburuta litakuwa limeshiba maji ya ziwa kabla sijaketi. Ni kitenge cha kijani na manjano, mchumba wangu shati la kitambaa hicho hicho. Nimeomba mfuko ndani ya bitana, upande wa kushoto, wa kuwekea karatasi ya maneno yangu. Fundi aliupima kwa kukunja karatasi mara nne, akaingiza, akatoa, akasema uongezwe kidogo ili mkono uingie bila kuhangaika.

Aliyebaki mgumu alikuwa Senge. Ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, na kwake harusi ni watu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, huko majini nani atakupigia vigelegele?"

Nikamwambia, "Wewe, Senge. Ndiyo maana nimekuja." Nilikwenda kumwomba awe shahidi wangu, ofisini na kisiwani. Alinyamaza sana. Halafu akasema yeye ni mtu wa vilima, hajawahi kuingia kwenye boti na hakuwa na nia.

Nilimleta Kisumu wikendi, tukaenda ufukwe wa Dunga asubuhi. Nahodha alimpa jaketi la kuokolea maisha, akamfunga mikanda ya kifuani, kisha ule wa kupita chini. Akalivuta jaketi juu kwa mabega kuona kama litampanda usoni. Likapanda kidogo, akakaza tena. "Mama, lisipobana halikusaidii," akamwambia. Senge akaniangalia, akamwambia nahodha, "Basi na huyu umbane vivyo hivyo." Tukaketi kwenye boti ikiwa bado imefungwa, mimi na yeye, ikitikiswa na mawimbi ya boti nyingine zinazotoka. Mwanzoni alishika ubao kwa mikono yote miwili. Baadaye mkono mmoja uliachia, akaanza kuuliza bei ya mbuta kwa kina mama waliokuwa wakisafisha samaki. Nilijua amekubali.

Mama mkwe naye ana sharti lake, na hilo sikulipinga. "Nyar Maragoli," yaani binti wa Maragoli, "kuoana mtaoana huko, kula mtakula hapa." Kwa hiyo kutoka majini tunakwenda moja kwa moja Seme: kuku, kuon, yaani ugali, na mboga ya mitoo aliyopanda mwenyewe kando ya jiko. Wazee watakuwepo, majirani watakuwepo, na anayetaka kutuona aje hapo, hakuna kadi ya mwaliko. Jumapili inayofuata tunapanda Maragoli kanisani kwa mama, wazee wa kanisa watuombee.

Utabiri wa ziwa tutausoma Ijumaa jioni. Ukionyesha mawimbi makubwa, tunasogeza hadi Jumapili alfajiri, na ya kanisani tutaisogeza wiki moja mbele. Nahodha ameshapokea nusu ya pesa zake, ameniambia siku yoyote kati ya hizo mbili ni yetu. Mpiga picha anajua, askari wa kisiwani wanajua, mama mkwe amesema kuku hawezi kuharibika akiwa bado anatembea. Jaketi ni sita, nimezihesabu mwenyewe, na la Senge nimelitia alama kwa uzi mwekundu.